Mtambo namba 3 umeenda wapi? Swali kuhusu kituo cha umeme cha makaa na gesi

msoma_mita

Wakuu salaam. Mimi sio mtu wa umeme, kazi yangu ni mahesabu, ila nina ugonjwa wa kusoma usiku vitu visivyonihusu. Juzi nimeangukia kituo kinaitwa Huntly, kiko Nyuzilandi pembeni ya mto Waikato, kinachoma makaa ya mawe na gesi, kikubwa kweli, jumla kama megawati 1,200. Kilichoninyima usingizi ni hesabu yao ya mitambo. Wanataja mtambo namba 1, namba 2, namba 4, namba 5, namba 6. Namba 3 hamna. Halafu namba 6 umeanza kazi 2004 na namba 5 umekuja 2007, yaani mdogo kazaliwa kabla ya mkubwa??

Sasa msinicheke, maswali yangu ni haya. Huo namba 3 umeenda wapi? Kwa nini kituo kimoja kiwe na makaa na gesi kwa pamoja, si wachague kimoja wajue moja? Na la mwisho ndo linaniumiza zaidi, mtu akisema ana kituo cha megawati 1,200 inakuwaje kuna siku kinatoa nusu au chini ya hapo, ni uzembe, ni mashine mbovu, au ndo zilivyo?

dada_volti

Namba 3 haujapotea mkuu, umestaafu. Mitambo minne ya mwanzo pale ni mapacha wa miaka ya 80, megawati 250 kila mmoja, yote inaweza kula makaa au gesi. Mwaka 2012 wakauweka namba 3 pembeni maana umeme wake ulikuwa hauhitajiki kiasi hicho, baadaye ukafutwa kabisa. Wakabaki 1, 2 na 4.

Kuhusu namba kuruka, hapo usitegemee wazipange upya. Kwenye kituo cha umeme kila valvu, kila pampu, kila swichi ina kibandiko kinachoanza na namba ya mtambo wake, na vibao vya chumba cha kuongozea na michoro yote imeandikwa hivyo hivyo. Leo ukisema namba 4 sasa uitwe namba 3 kwa ajili ya urembo, kesho kuna mtu anatumwa akafunge valvu ya mtambo uliozimwa anaenda kufunga ya mtambo unaotembea. Namba ikishatolewa ni ya maisha, na ya marehemu hairithiwi.

Hiyo ya 6 kumtangulia 5, mara nyingi namba zinatolewa kwenye karatasi za mipango na sio siku ya kuwashwa. Namba 6 ni kadogo ka gesi ka kama megawati 50, namba 5 ni jitu la 400. Kadogo kanajengwa upesi.

mzee_wa_shifti

Naomba niingie hapa maana hii ndo ilikuwa kazi yangu miaka 17, chumba cha kuongozea mitambo, kituo chenye makaa upande mmoja na gesi upande wa pili, sitakitaja.

Kwanza mtoe kichwani kwamba kituo ni mashine moja kubwa. Kituo ni uzio tu. Ndani ya uzio kila mtambo una boila lake, tabaini yake (mapanga yanayozungushwa na mvuke), jenereta lake, transfoma yake, na tabia zake kama mtoto. Kwetu namba 2 alikuwa mpole, unampandisha mzigo anapanda. Namba 3 alikuwa na beringi inatetemeka kila mzunguko ukifika sehemu fulani wakati wa kuwasha, tulikuwa tunampitisha pale haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Mtambo wa makaa uko hivi. Makaa yanatoka kwenye rundo nje yanapanda mkanda yanaingia kwenye kinu yanasagwa mpaka yanakuwa unga laini kabisa, ukiushika unaingia kwenye mistari ya vidole na hautoki kwa sabuni ya kawaida. Hewa ya moto inaupuliza ule unga ndani ya boila unaungua ukiwa hewani. Kuta za boila ni mirija mitupu imejaa maji, maji yanageuka mvuke, mvuke unapashwa tena mpaka nyuzi 540 hivi, mgandamizo mara 160 ya hewa tunayovuta. Ndo unaenda kusukuma mapanga ya tabaini, mizunguko 3,000 kwa dakika kama gridi ni ya hezi 50, na jenereta limefungwa kwenye shafti hiyo hiyo. Ukishatoa nguvu yake mvuke unashuka kwenye chombo cha kuupoozea, unagusa mirija yenye maji baridi unarudi kuwa maji, pampu inayarudisha kwenye boila. Maji ni yale yale yanazunguka. Mtambo wa megawati 500 ukiwa umejaa unakula kama tani 200 za makaa kila saa, sasa piga hesabu wewe mtu wa mahesabu ni malori mangapi kwa siku.

Shida ni kuuwasha ukiwa baridi. Boila la makaa halijakaa chini kama sufuria, limening'inizwa kwa juu kwenye vyuma vikubwa, kwa sababu likipata moto linarefuka kwenda chini, zaidi ya sentimita 20. Ukisimama chini yake wakati wa kuwasha, ukaweka alama ya chaki kwenye nguzo, ukarudi baada ya masaa unaona kabisa limeshuka. Ukilikimbiza chuma nene kinapata moto nje na ndani kwa tofauti, kinapasuka. Kwa hiyo shifti yangu inawasha, shifti inayofuata ndo inaunganisha na gridi. Siku nyingine sisi tunawasha na sisi wenyewe kesho yake tunakuja kuunganisha, maana kuna kitu kiligoma katikati.

Na kuuzima nako ni kazi. Shafti ya tabaini ina tani nyingi na ni ya moto, ukiiacha imetulia upande wa juu unabaki na joto kuliko wa chini, inapinda. Haionekani kwa macho lakini siku ukiiwasha itakutoa roho. Ndo maana kuna mota inaizungusha polepole, siku nzima na zaidi, mpaka ipoe. Usiku mmoja mota ile ikagoma. Tulizungusha shafti kwa mkono, watu wanne na mtaimbo mrefu wa chuma, nusu mzunguko, tunasubiri dakika kadhaa, nusu mzunguko tena. Sakafu ya tabaini ina joto kama tanuru, jasho linaingia machoni, na mkubwa wa shifti amesimama na saa mkononi kama refa.

Upande wa gesi sasa ni kama nchi nyingine. Mashine yenyewe ni ndugu wa injini ya ndege, inavuta hewa inaibana, inachanganya na gesi inawasha, moshi wa moto ndo unazungusha mapanga. Hakuna kinu hakuna majivu hakuna mkanda. Kadogo kakiambiwa washa, ndani ya nusu saa au chini ya hapo kameshabeba mzigo wote. Ubaya wake moshi unatoka na nyuzi kama 500 au 600 unapotea hewani bure. Wenye akili wakachukua ule moshi wakaupitisha kwenye boila lisilo na moto wake, likatoa mvuke, mvuke ukazungusha tabaini ya pili. Gesi ile ile inafanya kazi mara mbili. Namba 5 ya Huntly ni ya ukoo huo.

gesi_tupu

Mzee umeeleza vizuri sana ila mimi sielewi kitu kimoja. Kama ile mitambo ya zamani inaweza kula gesi kwa nini wahangaike na makaa, mavumbi, majivu, moshi mchafu? Si wafungue bomba la gesi kwenye boila yaishe. Kwa mtazamo wangu kuchoma makaa karne hii ni ukaidi tu.

mzee_wa_shifti

Ndugu yangu bomba linafunguka na kazi inaenda, tumefanya sana. Lakini kuchoma gesi kwenye boila la mvuke ni sawa na kuinyanyasa gesi. Chukua gesi yenye joto la 100, ipitishe kwenye boila la zamani utapata umeme wa kama 36, iliyobaki inaenda mtoni na kwenye dohani. Ipeleke gesi hiyo hiyo kwenye mtambo wa aina ya namba 5, unapata 55 au zaidi. Kwa hiyo mwenye gesi kidogo hata siku moja hawezi kuipa boila wakati mtambo wa pili umekaa.

Alafu moto wa gesi na wa makaa haufanani. Wa makaa unang'aa, unarusha joto moja kwa moja kwenye kuta. Wa gesi ni wa kupauka, joto kubwa linaenda mbele kwenye mirija ya kupashia mvuke, inabidi umwagie mvuke maji kidogo ili usipitilize. Ukihama kutoka mafuta haya kwenda yale ukiwa na mzigo usitoe macho kwenye geji hata kama mwenzako anakuita chai.

dada_volti

@gesi_tupu kwenye moshi uko sahihi, uniti moja ya umeme wa makaa inatoa karibu kilo nzima ya hewa ya ukaa, ya gesi kwenye mtambo wa kisasa wa mizunguko miwili, wa aina ya namba 5, haifiki hata kilo 0.4. Hilo halina ubishi.

Ila umesahau kitu kimoja cha kijinga kabisa, makaa unaweza kuyarundika. Gesi inakuja kwa bomba, ikikatika imekatika, labda uwe na mahali pa kuihifadhi chini ya ardhi. Rundo la makaa linakaa uwanjani, tingatinga linalishindilia lisiingize hewa likajiwasha lenyewe (ndio, linajiwasha), na linakusubiri hata miezi. Sasa Nyuzilandi wanategemea sana mabwawa, na maziwa yao hayabebi maji ya kutosha muda mrefu, mvua ikigoma msimu mmoja tu jasho linawatoka. Hapo ndo Huntly inaitwa. Kampuni yenye kituo, Genesis Energy, mwaka 2015 ilitangaza kwamba miwili kati ya ile mitatu ya makaa, iliyokuwa bado kazini wakati huo, itazimwa mwisho wa 2018. Haukupita hata mwaka, 2016 wakasogeza mpaka 2022, maana waliobaki kwenye soko waliona bila ile mitambo mwaka wa ukame hautoboki. Na 2021 mabwawa yalipopungua na gesi nayo ikawa haitoshi, walichoma makaa mengi tu, mengine yametoka Indonesia kwa meli. 2023 wakajaribu kuchoma vidonge vya mbao kwenye boila lile lile, ikakubali.

Kwa hiyo mimi siuiti ukaidi. Ni bima. Bima inaudhi kuilipia lakini inakaa.

gesi_tupu

Bima inayotoa moshi haya bana. Nimekuelewa lakini sijakubali 😂

msoma_mita

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Ila bado hamjanijibu la megawati. Nimejumlisha: 250 mara tatu ni 750, ongeza 400 na 50, inafika 1,200 sawa. Sasa kwa nini isitoke 1,200 kila siku?

dada_volti

Kwanza kwa sababu hakuna aliyeiomba. Umeme unatengenezwa kwa kiasi kinachotumika sekunde ile ile, gridi ikitaka 300 unatoa 300, ukilazimisha zaidi mizunguko inapanda na vitu vinaanza kutripu, yaani kujizima vyenyewe. Megawati 1,200 ni kama spidi iliyoandikwa kwenye dashibodi ya gari, haimaanishi unatembea hivyo kwenda sokoni.

Pili kituo chenyewe kinakula. Vinu, mafeni, pampu za maji, mtambo wa makaa unajila kama asilimia 5 mpaka 8 ya umeme wake kabla haujatoka getini. Pampu moja tu ya kulishia boila ina mota ya kutisha. Ndo maana pia mtambo wa makaa ukizimika na gridi nzima ikawa giza hauwezi kujiwasha wenyewe, unahitaji umeme ili utengeneze umeme. Kile kidogo cha gesi chenye injini yake ya dizeli ya kukishtua ndo kinaweza kuanza, kikawapa wakubwa.

Tatu ni maji. Huntly wanapoozea mvuke kwa maji ya mto Waikato na kibali chao kinawazuia kuurudishia mto joto la kupita nyuzi 25, kwa ajili ya samaki na viumbe wengine. Kiangazi mto wenyewe unakuwa tayari umekaribia hapo! Basi ile mitambo ya mvuke inabidi ipunguzwe mzigo, mashine nzima kabisa, makaa yapo, gesi ipo, wafanyakazi wapo, mto umesema hapana. Mpaka wakajenga mnara wa kupoozea ili angalau mtambo mmoja uweze kutembea bila kuuchemsha mto.

mzee_wa_shifti

Hiyo ya mto inanikumbusha mbali. Hata bila sheria, maji yakiwa ya uvuguvugu unapoteza. Kile chombo cha kupoozea mvuke ndani hakina hewa, mvuke ukigeuka maji unajiminya unaacha utupu, na utupu ule unauvuta mvuke mwingine upite kwenye mapanga ya mwisho. Maji yakiwa baridi utupu ni mzuri, yakiwa moto utupu unalegea na megawati zinashuka hujagusa kitu. Mtu mgeni anadhani kuna kitu kimeharibika kumbe ni saa nane mchana tu.

Sababu nyingine ya kila siku ni mrija kutoboka. Boila lina kilomita na kilomita za mirija, kitundu kama cha sindano kinatosha. Huoni kitu. Unasikia. Kuna sauti kama mtu anavuta pumzi kwa meno, sssss, ndani ya kelele zote zile, na mzee mmoja wa kwetu alikuwa anaweka sikio kwenye mpini wa ufagio ncha nyingine kwenye mlango wa boila anakwambia ni ghorofa ya ngapi. Mvuke unaotoka unakata mrija wa jirani, wa jirani unakata mwingine, ukichelewa siku mbili unabadilisha mirija ishirini badala ya mmoja. Kwa hiyo mtambo unazimwa, unasubiri upoe, mtu anaingia ndani anachomelea, unajaribiwa, unawashwa. Siku tatu nne zimeenda. Kwenye karatasi kituo bado kina megawati zile zile.

kitoweo_cha_nyaya

Nimefuatilia kimya kimya. Naomba niulize nje kidogo ya mada, kuna mtu aliniambia ndani ya jenereta kubwa wanajaza gesi ya haidrojeni. Nikamwona muongo. Haidrojeni si ndo inalipuka?

dada_volti

Sio muongo. Jenereta kubwa linapata joto na haidrojeni ni nyepesi kama mara 14 kuliko hewa kwa hiyo shafti haihangaiki kuikata, na inabeba joto karibu mara saba ya hewa. Ikiwa safi yenyewe peke yake haiwaki maana hakuna oksijeni. Hatari ni ikichanganyika na hewa, kuanzia asilimia 4 mpaka 75 hapo ni bomu. Ndo maana ukitaka kufungua jenereta kwanza unaisukuma haidrojeni itoke kwa kabonidayoksaidi, unapima, ndo unaingiza hewa. Huwezi kuruka hatua.

Mfano upo. Medupi, Afrika Kusini, kituo cha makaa chenye mitambo sita ya karibu megawati 800 kila mmoja. Mtambo wa mwisho kati ya hiyo sita umekabidhiwa rasmi mwisho wa Julai 2021, watu hata hawajamaliza kushangilia, tarehe 8 Agosti usiku jenereta la namba 4 likalipuka. Walikuwa wanatoa haidrojeni ili watafute sehemu inayovuja, hewa ikaingizwa wakati haidrojeni bado imo. Bahati hakufa mtu. Namba 4 umekuja kurudi kazini 2025. Ile mitano mingine ilikuwepo, kwa hiyo hapo ndo unaona anachosema mzee kwamba kituo ni uzio.

kitoweo_cha_nyaya

Duh. Miaka minne kwa hatua moja ya kupima. Ngoja nikamwombe radhi yule jamaa.

msoma_mita

Mzee wa shifti swali la mwisho halafu nikalale. Ule usiku wa mtaimbo, mlizungusha shafti mpaka saa ngapi, na mota ilikuwa na nini?

mzee_wa_shifti

Mpaka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Fundi umeme alikuja na begi lake akafungua kisanduku ukutani, hatua tano hivi kutoka tulipokuwa tunasukuma.

Ilikuwa fyuzi.